Kuskani kwa mtandao kwenye ofisi ya Mac: kutoka mashine ya fotokopi hadi folda

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, amua nani anaianza kazi. Kuna njia mbili. Kwenye ya kwanza umekaa mezani, unafungua programu kwenye Mac, Mac inaiamuru mashine iskani, kisha inajivutia picha. Kwenye ya pili umesimama mbele ya mashine, unagusa jina la folda kwenye skrini yake, na mashine yenyewe inasukuma PDF hadi kwenye kompyuta.

Njia ya kuvuta haidai akaunti, nenosiri wala folda ya pamoja. Ikikubali, umemaliza ndani ya dakika kumi. Njia ya kusukuma ina mipangilio mingi na ndiyo inayoharibika mara kwa mara, ila ofisi inayoskani mafaili ya kurasa hamsini kila siku haina namna ya kuikwepa. Hakuna mfanyakazi atakayekubali kwenda korido kuweka karatasi, kurudi mezani kubofya Scan, kisha kwenda tena kubadilisha karatasi. Ofisi ya watu watatu wenye hati chache ianze na kuvuta, na ikiwezekana iishie hapo.

Maelezo haya yanahusu macOS kuanzia Ventura, toleo la 2022 lililobadilisha System Preferences kuwa System Settings. Mac za zamani zaidi zina vitu hivihivi, vimekaa mahali tofauti tu.

Anwani kwanza

Ipe mashine anwani ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) isiyobadilika. Ruta hugawa anwani kwa muda, na umeme ukikatika mashine inaweza kuamka na nyingine. Siku hiyo kila Mac itasema skana haipo. Namna nzuri ni kuingia kwenye ruta na kuifungia mashine anwani yake kwa kutumia namba ya MAC (utambulisho wa kila kifaa cha mtandao, haihusiani na kompyuta ya Mac), ile yenye tarakimu na herufi 12 ambayo mashine huichapisha kwenye ukurasa wake wa mtandao. Kama huna ruhusa ya kuingia kwenye ruta, andika anwani kwenye mashine yenyewe, lakini iwe nje ya zile ruta inazogawa. Ruta ikigawa kuanzia 192.168.1.2 hadi 192.168.1.150, ipe mashine 192.168.1.200. Ukichagua iliyo ndani ya mgao, siku moja simu ya mgeni itapewa anwani hiyohiyo, na utahangaika wiki nzima na tatizo linalokuja na kuondoka.

Mashine ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, haijapata chochote kutoka kwa ruta. Angalia waya na swichi (kisanduku kinachounganisha waya za mtandao) kabla ya kitu kingine.

Waya ni bora kuliko Wi-Fi kwa mashine, hata kama Mac zote ziko kwenye Wi-Fi. Muhimu ni kwamba waya na Wi-Fi viwe mtandao mmoja. Wi-Fi ya wageni haifai: ruta nyingi huitenga na vifaa vya ofisi kwa makusudi, na mtu aliyejiunga nayo kwa sababu nenosiri lake ni rahisi hataiona skana kamwe.

Anwani ikishatulia, iandike kwenye Safari. Utaonywa kuhusu cheti, endelea tu, kwa kuwa mashine imejitengenezea cheti chake. Ndani ya ukurasa huo badilisha nenosiri la msimamizi lililotoka kiwandani, weka saa na tarehe sahihi (majina ya faili hutokana nazo), kisha hakikisha AirPrint (utaratibu wa Apple wa kuchapisha na kuskani bila programu ya kampuni) na Bonjour (unaotangaza vifaa kwenye mtandao) zimewashwa. Tafuta pia mpangilio wa kuskani kwa mtandao. Jina lake hubadilika kulingana na kampuni: eSCL au AirScan. Kwenye baadhi ya mashine umezimwa tangu kiwandani, na huo pekee unatosha kueleza kwa nini Mac inachapisha vizuri lakini haiskani.

Kuvuta kutoka kwenye Mac

Fungua System Settings, nenda Printers & Scanners, bofya kuongeza printa. Chagua mashine kwenye orodha ya kichupo cha kwanza, kisha tazama chini palipoandikwa Use: pawe AirPrint au Secure AirPrint. Hapa ndipo wengi huteleza. Wakiongeza mashine kwa anwani na kuchagua draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya Generic PostScript, wanapata printa tu. Uchapishaji unaenda sawa, ila sehemu ya kuskani haipo wala haitatokea. Dawa ni kuifuta na kuiongeza upya kwa AirPrint. Kwa mashine za miaka ya karibuni huhitaji kushusha draiva ya kampuni. Za zamani ndizo tatizo: macOS Catalina ya 2019 ilikataa programu zote za biti 32, na draiva nyingi za skana zilikufa siku hiyo. Kwa skana za namna hiyo jaribu VueScan, ya kulipia, au NAPS2, ya bure.

Sasa fungua Image Capture, programu iliyo ndani ya kila Mac na isiyofunguliwa na mtu. Skana itakuwa upande wa kushoto. Bofya Show Details, vinginevyo unapewa mipangilio ya kubahatisha.

Ukubwa wa karatasi ndio wa kukagua kwanza. Ukikuta US Letter, badilisha iwe A4. Letter ina urefu wa milimita 279.4, A4 ina 297. Tofauti ya karibu milimita 18 inakatwa chini ya ukurasa, na chini ya ukurasa ndipo kwenye sahihi na mhuri. Barua inaonekana nzima hadi benki inaporudisha faili ikiuliza mhuri uko wapi. Fanya ukaguzi huohuo kwenye skrini ya mashine, kwa sababu mipangilio hiyo haihusiani na ya Mac.

Kisha dpi, idadi ya nukta kwa inchi. Hati za kawaida zinatosheka na 300. Ukurasa mmoja wa A4 kwa 300 dpi ni pikseli 2480 kwa 3508. Kwa rangi, kabla ya kubanwa, hiyo ni karibu MB 26; kwa kijivu karibu MB 9; kwa nyeusi na nyeupe tupu karibu MB 1. Ukipanda hadi 600 dpi, kila namba inazidishwa kwa nne. Anayeskani mkataba wa kurasa arobaini kwa rangi na 600 dpi ndiye atakayelalamika kesho kwamba mtandao wa ofisi ni mzito. Kijivu kwa 300 dpi kinasomeka vizuri, na muhuri wa bluu unabaki kuonekana, ingawa si kwa bluu yake. Pale rangi ya wino inapotakiwa kuthibitisha kwamba hati ni halisi, tumia rangi.

Chagua PDF, na uweke tiki kwenye kuunganisha kurasa ziwe hati moja, la sivyo unapata faili arobaini. Kwa vitambulisho, tumia kioo cha chini badala ya kivuta karatasi, panga kadi tatu au nne zikiwa zimeachana kwa upana wa kidole, na uchague Detect Separate Items. Kila kadi inatoka kama picha yake.

Skana haionekani

Mac huigundua skana kwa Bonjour, inayotangaza kwa anwani 224.0.0.251, mlango wa UDP namba 5353. Tangazo hilo halivuki kutoka sehemu moja ya mtandao hadi nyingine. Ofisi iliyogawanywa kwa VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya vifaa vilevile), printa upande huu na wafanyakazi upande ule, haitaona kitu mpaka fundi awashe kirudishi cha mDNS, kinachopitisha matangazo ya Bonjour, kwenye ruta. Kuongeza mashine kwa kichupo cha IP na kuchagua AirPrint kwenye Protocol mara nyingi kunatosha kukwepa hilo.

Kuna amri fupi ya kujua kama tangazo linafika. Fungua Terminal uandike:

`dns-sd -B _uscan._tcp`

Jina la mashine likitokea, mtandao uko sawa na tatizo liko ndani ya Mac. Lisipotokea, andika `_uscans._tcp` badala yake, yaani toleo lenye usimbaji. Likigoma tena, iulize mashine kama ipo kwa `ping -c 4 192.168.1.200`. Ping ikijibu huku Bonjour ikiwa kimya, tuhuma zihamie kwenye VLAN, kwenye utengaji wa vifaa vya Wi-Fi, au kwenye swichi inayochuja matangazo vibaya.

macOS Sequoia ya 2024 ilileta kikwazo kingine: kila programu isiyo ya Apple huomba ruhusa ya kutafuta vifaa kwenye mtandao wa ndani. Aliyebofya Don't Allow kwa haraka atakuta programu ya kampuni ya skana haioni chochote wakati Image Capture inaona. Ruhusa hiyo iko Privacy & Security, kisha Local Network.

Kusukuma: mashine itume hadi folda

Usipeleke skani kwenye laptopu ya kila mtu. Laptopu hufungwa, huondoka na mwenyewe, hubadilisha anwani. Chagua Mac moja inayokaa ofisini siku zote, Mac mini ndiyo inayofaa zaidi, iwe ya kupokea, na wengine wachukue faili kutoka kwake. Ifungie nayo anwani kwenye ruta, tuseme 192.168.1.50, na iwe kwenye waya. Ikilazimika kutumia Wi-Fi, nenda kwenye maelezo ya mtandao huo na utazame Private Wi-Fi Address: ikiwa Rotating, namba ya MAC inabadilika na anwani uliyoifunga haina kazi. Adapta za USB-C za waya zina mtego wake pia. Namba ya MAC ni ya adapta, haimo kwenye kompyuta, hivyo aliyeazima adapta ameazima na anwani.

Kwenye Mac hiyo:

1. Nenda Users & Groups, ongeza akaunti mpya ya aina ya Sharing Only. Iite `skana`, herufi ndogo, bila nafasi. Nenosiri liwe refu lakini la herufi za Kiingereza na tarakimu tu. Skrini za mashine hizi ni mbovu kwa alama kama @ na $, na baadhi hukata nenosiri refu bila kukuambia.

2. Tengeneza folda `Skani` ndani ya Users, kisha Shared. Usiiweke Desktop wala Documents. Folda hizo zina ulinzi wa ziada wa faragha, na iCloud ikiwa imewashwa inaweza kuyahamishia mafaili juu na kuacha kivuli.

3. Nenda General, kisha Sharing, washa File Sharing, bofya alama ya i. Ongeza folda ya Skani. Upande wa watumiaji weka `skana` awe Read & Write, ongeza wafanyakazi wanaohusika nao wawe Read & Write, na Everyone awe No Access.

4. Bofya Options. Weka tiki kwenye kushiriki kwa SMB (lugha ya kushiriki mafaili kwenye mtandao), kisha chini, kwenye Windows File Sharing, weka tiki mbele ya `skana` na uandike nenosiri lake.

Hatua ya nne ndiyo inayoua mipangilio mingi. Mashine za fotokopi hujitambulisha kwa NTLM, utaratibu uliotoka kwa Windows. Mac kwa kawaida huhifadhi nenosiri kwa namna isiyoweza kujibu NTLM. Tiki hiyo huifanya ihifadhi nakala ya pili ambayo mashine inaielewa. Nakala hiyo ni dhaifu zaidi, na ndiyo sababu ya kutumia akaunti ya `skana` peke yake badala ya akaunti ya bosi. Mtu akiiba nenosiri la `skana`, anapata folda moja.

Tiki hutoka kimyakimya. Ukibadilisha nenosiri, au baada ya kupandisha macOS toleo zima, irudie: toa, weka, andika nenosiri upya. Kuskani kukifa Jumatatu baada ya Mac kujisasisha wikendi, anza hapo.

Kwenye ukurasa wa mashine ongeza anwani mpya ya kutuma kwa SMB. Kampuni zingine hutaka kila kitu mstari mmoja, `\\192.168.1.50\Skani`. Zingine hugawanya: anwani kisanduku kimoja, jina la folda kisanduku cha pili, mlango 445 cha tatu. Andika jina la folda kama linavyoonekana kwenye orodha ya Shared Folders, bila njia nzima ya `/Users/Shared`. Jina la mtumiaji ni lile fupi, `skana`, hata kama jina kamili kwenye akaunti ni Mashine ya Korido. Usitumie jina la Mac lenye `.local`, mashine nyingi hazijui kulitafsiri. Domain iache wazi.

Kisha bonyeza kitufe cha majaribio.

Ikikataa

Mashine hutoa ujumbe wa aina mbili tu za maana, hata kama umeandikwa kwa namba. Ama haikufika kwenye kompyuta, ama ilifika ikakataliwa.

Haikufika: anwani imekosewa, Mac imelala, au Firewall (kizuizi cha miunganisho inayoingia) imefunga. Kwenye Network, kisha Firewall, Options, angalia kwamba Block all incoming connections haijawashwa. Kutoka kwenye Mac nyingine andika `nc -vz 192.168.1.50 445`. Ikisema succeeded, mlango uko wazi. Ping isipojibu usihukumu bado, kwani Stealth Mode, chaguo la Firewall, huinyamazisha kwa makusudi.

Ilifika ikakataliwa: jina, nenosiri, tiki ya hatua ya nne, au haki ya kuandika kwenye folda. Wengi hujaribu kwa Mac nyingine: Finder, Command-K, `smb://192.168.1.50`, wanaingia kama `skana`, faili linaingia, wanatangaza kwamba tatizo ni mashine. Jaribio hilo linathibitisha jina, nenosiri na haki za folda, lakini halithibitishi tiki, kwa sababu Mac kwa Mac huelewana bila NTLM. Ukiwa na kompyuta ya Windows karibu, jaribu kwa hiyo. Ikiingia hiyo, mashine nayo inapaswa kuingia.

Yote yakiwa sawa na bado inakataa, uliza mashine inazungumza SMB ipi. Za zamani zinajua SMB 1 tu, wakati Mac za sasa hutegemea 2 na 3. Pandisha programu ya ndani ya mashine kutoka kwa mtengenezaji. Nyingi zilipewa SMB 2 kwa njia hiyo. Usitafute mbinu za kurudisha SMB 1. WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa kupitia udhaifu uliokuwa humo kwenye Windows, na itifaki yenyewe imezeeka. Mashine isiyoweza kupandishwa, tumia kuskani kwa barua pepe. Kwa Gmail, seva ni smtp.gmail.com, mlango 587, ukiwa na nenosiri la programu lililotengenezwa baada ya kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Nenosiri la kawaida halikubaliwi. Kikomo cha kiambatisho ni MB 25, kwa hiyo rudi kwenye hesabu ya dpi.

Wafanyakazi wakisema wanaona faili ila hawawezi kulifuta wala kulibadilisha jina, mwenye faili ni `skana` na wao hawakuwekwa kwenye orodha ya hatua ya tatu. Waongeze kwenye File Sharing, kisha kwa mafaili yaliyokwishaingia fungua Get Info ya folda na uchague Apply to enclosed items. Ofisi inayopokea nakala za vitambulisho na hati za mishahara itengeneze folda ya pili yenye watu wake. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaihusu folda ya skani kama zinavyolihusu kabati la mafaili. Chaguo la Write Only linavutia kwa kazi hii, lakini mashine nyingi hutaka kusoma folda kwanza ndipo ziandike, na zitagoma.

Usingizi, umeme na vioo

Mac ya kupokea isilale. Kwenye Energy washa kuzuia usingizi skrini inapozimika, Wake for network access, na Start up automatically after a power failure. Hiyo ya mwisho ina mgongano na FileVault, usimbaji wa diski ya Mac: umeme ukikatika usiku na kurudi, Mac inawaka lakini diski inabaki imefungwa mpaka mtu aandike nenosiri. Asubuhi taa inawaka, skani hazifiki. Usiizime FileVault kwa ajili ya hilo. Nunua UPS ndogo ya Mac na ruta, na mwambie anayefungua ofisi asubuhi aingie kwenye Mac hiyo kabla ya kitu kingine.

Mstari mwembamba unaoshuka wima kwenye kila ukurasa, na ambao haupo ukiskani kwa kioo kikubwa, si tatizo la mtandao wala la Mac. Kivuta karatasi hakitumii kioo kikubwa. Kinapitisha karatasi juu ya kipande chembamba cha kioo kilicho pembeni, chenye upana wa kidole. Tone moja la gundi au wino uliokauka pale linakuwa mstari wa ukurasa mzima, kwa sababu karatasi inatembea na uchafu umesimama. Fungua kifuniko, kifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha pitisha ukucha taratibu. Ukucha ukikwama, uchafu bado upo.